Taa za sherehe zinazocheza na muziki nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka sebule, baraza au uani kwake pawake kwa mdundo siku ya bethidei, kicheni pati au Jumamosi tu ya kukaa na watu wake, bila kukodi DJ na makorokoro yake. Maswali haya huletwa na wateja, na mengine na mafundi wenzangu. Majibu hayalingani urefu: nimekaa zaidi pale ambapo pesa za watu hupotea.

Taa inajuaje kwamba muziki unapiga?

Kwa kusikia au kwa kuambiwa. Nyingi zinasikia: ndani ya kontrola (kile kiboksi kinachoendesha taa), au ndani ya taa yenyewe, kuna maiki ndogo, na ukiangalia vizuri utaona kitundu chake kwenye plastiki. Zinazoambiwa hupokea muziki kwa waya kutoka kwenye miksa, redio au simu.

Kusikia ni hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo zinatofautiana sana akili. Za chini kabisa hupima ukubwa wa sauti basi: kelele ikipanda, taa inawaka; ikishuka, inafifia. Hizi hazijui besi wala kinanda, na mtu akipiga makofi karibu nazo zinaruka vilevile. Za kati huchuja sauti mafungu matatu, besi, sauti za katikati na sauti kali za juu, kisha kila fungu linapewa rangi yake. Mtindo huo ni wa zamani. Taa za disko za miaka ya 1970 ziliufanya kwa koili na kapasita bila kompyuta yoyote. Za juu zina chipu inayokata sauti vipande na kuhesabu ni masafa gani yamo ndani, makumi ya mara kila sekunde. Njia ya haraka ya hesabu hiyo iliandikwa na James Cooley na John Tukey mwaka 1965, na leo inafanya kazi ndani ya chipu ya bei ndogo kabisa.

Kwa hiyo ukiwa dukani usiulize tu kama taa "inacheza na muziki". Karibu zote zinacheza. Mwambie muuzaji aweke wimbo kwenye simu, kisha wewe zungumza kwa sauti karibu na taa. Ikikufuata wewe kama inavyofuata ngoma, hiyo ni ya daraja la chini. Inunue kwa bei ya daraja la chini.

Nina sebule ya kawaida. Nianze na nini?

Anza na utepe mmoja wa LED na kontrola yenye maiki, uufiche mahali ambapo mwanga unapiga ukuta au dari kwanza kabla ya kufika machoni. Kama una dari ya jipsamu yenye ukingo wa ndani, kazi imekwisha nusu, maana ule mfereji ulitengenezwa kwa ajili hiyo hiyo. Kama huna, pitisha nyuma ya televisheni, nyuma ya makochi au chini ya kabati la vyombo.

Balbu ya disko inayozunguka, ile ya kioo cha rangirangi, ni rahisi na watoto wanaipenda. Hakikisha tu holda yako: nyumba zetu zina za pini na za kusokota, na watu wengi hununua ya kusokota wakafika nyumbani kukuta holda zote ni za pini. Ubaya wake ni kwamba nyingi hazisikii chochote. Zinazunguka kwa mota kwa mwendo uleule, uwe unapiga Bongo Fleva au taarifa ya habari.

Ushauri wangu ni kwamba taa chache zinazosikia vizuri zinapendeza kuliko lundo la taa zinazopayuka. Sebule ya mita nne kwa tano yenye taa tano za aina tano haina sherehe, ina fujo.

Kuna utepe wa RGB na utepe wa pikseli. Tofauti ni ipi?

Utepe wa RGB (nyekundu, kijani na bluu) wa kawaida una waya nne, na utepe wote huwa rangi moja kwa wakati mmoja. Ukisema nyekundu, mita tano zote ni nyekundu. Huo ndio unaouzwa na rimoti ya vitufe vingi, kwa kawaida ni wa volti 12. Kwa muziki unaweza kufifia, kuwaka na kubadili rangi, lakini hauwezi kukimbiza mwanga kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Utepe wa pikseli una chipu ndogo ndani ya kila taa, au kwa kila taa tatu, hivyo kila sehemu inapokea amri yake. Hapo ndipo unapata ile besi inayosukuma mwanga kutoka katikati kwenda pembeni. Aina inayojulikana zaidi ni WS2812B, ya volti 5, yenye chipu kwenye kila taa. WS2811 ya volti 12 mara nyingi huunganisha taa tatu kwa chipu moja. WS2815 nayo ni ya volti 12, ina waya wa pili wa mawasiliano, ili taa moja ikifa zinazofuata ziendelee kuwaka. Ukiweka ndani ya jipsamu, ambako kupanda na kushuka kubadilisha kipande ni adhabu, lipia hiyo WS2815.

Utepe una mshale uliochapwa, unaoonyesha mawasiliano yanaelekea wapi. Ukifunga upande usio wake hauwaki, na watu hurudisha dukani mzigo mzima kwa sababu ya mshale.

Utepe wa mita 5 unahitaji adapta ya ukubwa gani?

Hapa ndipo tepe nyingi zinapofia, kwa hiyo tufanye hesabu.

WS2812B ina taa tatu ndani ya kila pikseli: nyekundu, kijani na bluu. Kila moja ikiwaka yote hula takriban miliampea 20, kwa hiyo nyeupe kamili ni miliampea 60 kwa pikseli moja. Utepe wa pikseli 60 kwa mita, urefu wa mita 5, una pikseli 300. Zidisha: miliampea 18,000, yaani ampea 18. Kwa volti 5 hiyo ni wati 90. Chaja ya simu ya ampea 2 haina habari na mzigo huo.

Utepe wa kawaida wa RGB wa volti 12, ule wa taa kubwa za 5050 (milimita 5 kwa 5) na taa 60 kwa mita, hula takriban wati 14.4 kwa mita ukiwa mweupe kamili. Mita 5 ni wati 72, yaani ampea 6. Sasa fungua lile boksi la seti nzima uliyonunua, usome adapta iliyomo. Mara nyingi utakuta imeandikwa ampea 2 au 3. Ndiyo maana ukibonyeza nyeupe mwanga unakuwa hafifu na adapta inachemka.

Habari njema ni kwamba muziki hauwashi nyeupe kamili muda wote. Rangi zinapishana, kuna giza kati ya mdundo na mdundo, kwa hiyo matumizi halisi huwa chini sana ya hesabu ya juu. Kontrola nzuri pia zina mahali pa kuweka kikomo cha ampea. Kwa zile mita 5 za WS2812B, adapta ya ampea 10 pamoja na kikomo kilichowekwa kwenye ampea 8 inatosha sebuleni bila mtu kuona tofauti. Usichofanya ni kuweka adapta ndogo bila kikomo, kisha ukaifunika kwa pazia. Adapta inataka hewa. Ukiigusa ukashindwa kuacha mkono juu yake, izime, tafuta kubwa zaidi.

Mbona mwisho wa utepe rangi nyeupe inageuka njano au nyekundu?

Volti zimeishia njiani. Shaba ya kwenye utepe ni nyembamba, na kadiri unavyokwenda mbali volti zinapungua. Bluu na kijani ndizo huzidiwa kwanza, nyekundu inabaki. Tibu kwa kuvuta waya mnene kutoka kwenye adapta ileile hadi mwisho wa utepe, ukaunganisha chanya na hasi huko pia. Kuongeza adapta ya pili yenye volti tofauti si dawa, ni ajali.

Taa yangu inawaka tu, haifuati mdundo. Nini tatizo?

Swali hili napigiwa nalo zaidi ya mengine, na mara nyingi usiku, muziki ukiwa nyuma ya sauti ya anayepiga: "Fundi, mbona taa zako zimeganda?" Naanza na hili: "Mama, maiki iko wapi?"

Kontrola nyingi zina kitufe au kiskrubu cha kuongeza na kupunguza usikivu. Watu hukizungusha mpaka mwisho, wakidhani kusikia zaidi ni kucheza zaidi. Ni kinyume. Maiki iliyofunguliwa yote husikia muziki, watu wanaocheka, feni na vyombo jikoni, na kwake vyote ni sauti kubwa isiyokatika. Taa inabaki imewaka kwa sababu haioni mahali pa kuzima.

Fanya hivi. Weka wimbo wenye ngoma iliyonyooka, kwa sauti utakayotumia usiku ule, si sauti ya majaribio. Chukua bisibisi ndogo, rudisha kiskrubu mpaka taa zizime kabisa. Kisha kipandishe taratibu sana. Kuna mahali ambapo ngoma nzito peke yake ndiyo inaamsha taa, na kati ya ngoma na ngoma kunakuwa na giza kidogo. Pita hapo nywele moja tu, kisha acha. Giza lile la katikati ndilo linalofanya jicho lione mdundo. Bila giza hakuna mchezo, kuna mwanga tu.

Kama bado haifuati, hamisha maiki. Iweke karibu na spika kuliko ilivyo karibu na watu, kwa umbali wa mita moja au mbili. Isiwe juu ya sabufa yenyewe, maana mtikisiko unaingia kwa njia ya mbao. Isiwe nyuma ya pazia, wala usawa wa feni: upepo ukipiga kile kitundu, maiki inasikia dhoruba. Nimewahi kukuta kontrola imefungwa kwa tepu nyuma ya friji. Friji lilipoanza kunguruma, taa zote zikawa zinalicheza friji.

Spika yangu ni ya Bluetooth, na taa inatangulia mdundo. Kwa nini?

Kwa sababu taa umeiunganisha kwa waya na simu, na spika kwa Bluetooth. Bluetooth hufunga sauti, huituma na kuifungua tena, na kazi hiyo huchukua sehemu ya kumi ya sekunde mpaka robo sekunde, kutegemea simu na spika. Taa imeshapata ngoma, spika bado inaifungua. Robo sekunde ni nyingi. Kwa wimbo wa kasi ni mdundo mzima.

Ukitumia Bluetooth, tumia taa ya maiki. Maiki husikia kile ambacho masikio yako yanasikia, wakati uleule. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya nyumba kuchelewa kwake hakuonekani.

Napiga singeli, amapiano, taarab na rumba usiku mmoja. Mpangilio mmoja unatosha?

Hautoshi, na maelekezo yanayokuja kwenye boksi hayatakusaidia, maana yameandikwa kana kwamba dunia nzima inapiga muziki wa aina moja wa klabu.

Amapiano ndiyo inayopendwa na taa. Mwendo wake ni kama midundo 112 kwa dakika, haifiki miwili kwa sekunde, na ile besi yake nzito inaingia na kutoka kwa nafasi. Weka taa zifuate besi, upunguze kasi ya kufifia ili mwanga uzame taratibu baada ya kila pigo. Hata utepe wa bei rahisi unaonekana wa maana hapo. Bongo Fleva nyingi pia hazisumbui.

Singeli ni jambo jingine. Muziki huu uliozaliwa mitaa ya uswahilini Dar es Salaam, kina Manzese na Tandale, unakimbia midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Gawanya 240 kwa 60: midundo minne kila sekunde. Ukiiambia taa imulike kila mdundo, unapata mweko usiokatika, unaochosha macho na ambao kwa baadhi ya watu ni hatari, kama nitakavyoeleza swali linalofuata. Tena hauonekani kama muziki. Unaonekana kama balbu inayotaka kuungua. Kwenye singeli acha mdundo wa kila ngoma. Chagua mtindo wa mwanga unaokimbia kwenye utepe, ambao ukubwa wake unafuata sauti, au ielekeze kontrola ibadili rangi kila baada ya midundo minne au minane. Miguu ya watu ndiyo ifuate kila ngoma, taa ifuate kibwagizo.

Taarab haina haja na besi. Mzigo wake uko kwenye sauti ya mwimbaji, fidla, kanuni, nai na kinanda, vyote vikiwa katikati na juu. Taa iliyofungwa kwenye besi italala usiku mzima, na mwenye nyumba atasema imeharibika. Hamishia usikivu kwenye sauti za katikati, weka rangi za joto, chungwa na waridi, na zote zipumue polepole. Kumbuka pia watu wamekuja kuonana. Mtu anapoinuka kwenda kutunza, anataka khanga yake, hina yake na lile tabasamu vionekane. Bluu na zambarau nzito huzima nyuso zetu, hasa kwenye picha. Rangi za joto huzitoa.

Rumba inataka subira. Nusu ya kwanza ya wimbo ni maneno matamu, taa zitulie. Sebene ikianza, gitaa zinapanda na ngoma inabadilika, na hapo ndipo ubonyeze mtindo wa pili. Hakuna kontrola ya bei ya kawaida inayojua sebene imeanza. Mpe kijana mmoja rimoti na umwambie kazi yake.

Taa zinazomweka ni hatari kwa mwenye kifafa?

Kwa baadhi yao, ndiyo. Si kila mwenye kifafa hushtuliwa na mwanga. Ni takriban watu 3 katika kila 100 wenye kifafa, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Wapo pia wasiojua kama wanayo hali hiyo mpaka siku itakapowatokea. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Japani, Desemba 16, 1997, ambapo katuni ya televisheni ilimwesha nyekundu na bluu kwa kasi, na watoto karibu 700 wakafikishwa hospitali.

Mmweko wa hatari zaidi kwa kawaida uko kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde, na nyekundu iliyokolea huzidisha. Kwa hiyo nyumbani, ambako kuna watoto na wageni ambao hujui historia zao, zima kabisa ule mtindo wa stroboskopu, yaani wa kumweka harakaharaka. Acha taa ya kawaida moja ikiwaka chumbani, mmweko ndani ya giza totoro ni mbaya kuliko ndani ya mwanga. Weka kontrola isivuke mimweko mitatu kwa sekunde. Kama mgeni amekwambia ana tatizo hilo, zima taa zote zinazomweka, si kumhamishia chumba cha pili.

Mtu akihisi vibaya mbele ya mmweko, azibe jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho tu hakutoshi, mwanga unapita kwenye kope. Akianguka na kutikisika, mwondolee vitu vya kumuumiza, mweke kitu laini chini ya kichwa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, mlaze ubavu mtikisiko ukiisha. Ukipita dakika tano, ni hospitali. Mwacheni apumue, msimzunguke na simu.

Na zile leza za nukta nukta za kijani?

Mimi siwekei nyumba zenye watoto. Leza ni mwale mmoja uliokazwa, na mtoto atakwenda kuchungulia tundu linakotokea kwa sababu ni zuri. Nyingi haziandiki nguvu zake, au zinaandika uongo. Kama lazima uwe nayo, ifunge juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, ielekee dari, mbali na vioo na vigae vinavyong'aa. Leza huharibu pia kamera za simu: ikiingia moja kwa moja kwenye lenzi inaweza kuacha doa lisilotoka.

Zitanimalizia LUKU?

Hapana. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Utepe ambao kwenye karatasi ni wa wati 90, ukicheza na muziki kwa wastani wa theluthi yake, unakula wati 30. Kwa saa sita ni uniti 0.18. Friji, pasi na jagi la umeme ndivyo vya kuvikagua kama uniti zinakimbia. Wenzetu wa Kenya wanaonunua tokeni wapige hesabu ileile, haibadiliki ukivuka Namanga.

Umeme ukikatika?

Weka utepe mfupi wa volti 5 unaotumia pawabanki. Pawabanki ya miliampea-saa 10,000 ina takriban wati-saa 37 ndani ya betri, na ukitoa zinazopotea njiani zinabaki kama 30. Utepe wa mita 2 unaocheza kwa mwanga wa wastani unaweza kula wati 5, hivyo unapata saa sita hivi, pamoja na spika yenye betri yake. Angalia jambo moja: baadhi ya pawabanki hujizima zikiona mzigo mdogo, kama taa zikifika giza wakati wimbo umetulia. Weka mwanga wa chini kabisa usifike sifuri.

Kwa jenereta ndogo, washa jenereta kwanza, isubiri itulie, ndipo uchomeke taa. Ikipandisha volti wakati wa kuwaka, adapta ya bei nafuu ndiyo ya kwanza kukuaga. Umeme ukirudi, fanya hivyo hivyo.

Taa za kumbi, zile par za mviringo, naweza kuzitumia nyumbani?

Unaweza, na mbili zinatosha uani kwa hema dogo. Jina la "Par 64" limetokana na kipenyo cha taa za zamani kilichopimwa kwa sehemu za nane za inchi: 64 ni inchi 8. Nyuma kuna kioo kidogo na vitufe vinne; bonyeza kile cha kwanza mpaka uone herufi kama Soun au SoU, hapo imeingia kwenye kusikiliza muziki.

Ukiwa nazo nne, usiziache kila moja isikie peke yake. Ziunganishe kwa waya wa DMX, ya kwanza isikie na kuongoza, nyingine zifuate. DMX512 ni lugha ya taa za jukwaani tangu mwaka 1986, na hata par za bei ndogo zinaielewa. Zikifuatana, uani kunaonekana kumepangwa. Zikisikia kila moja kivyake, ni kwaya isiyo na mwalimu.

Ndani ya sebule par ni kali mno. Igeuze ipige ukuta.

Taa zinazoendeshwa kwa simu kama Philips Hue zina thamani ya pesa?

Kama tayari unazo kwa matumizi ya kila siku, zitumie. Hue ilianza kuuzwa mwaka 2012 na ni taa nzuri za nyumba. Lakini kununua mfumo mzima, na kifaa chake cha katikati, kwa ajili ya sherehe chache za mwaka, kwa bei zinavyofika huku, sikushauri. Pesa hiyo inajenga jipsamu, utepe wa pikseli na adapta ya kueleweka, na chenji inabaki ya soda.

Kwa taa yoyote ya Wi-Fi, jaribu kwanza kama inacheza na muziki intaneti ikiwa imekatika. Zipo zinazogoma.

Nataka kujitengenezea kontrola. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa kijana anayejua kulehemu ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Unahitaji bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi), maiki ya kidijitali ya INMP441, utepe wa WS2812B na adapta. Programu ni WLED, ya bure na huria, toleo lenye kipengele cha AudioReactive. Unaiweka kwenye bodi kwa kompyuta, kisha unaiendesha kwa simu kupitia Wi-Fi ya bodi yenyewe, bila bando.

Maiki inakaa kwenye volti 3.3, si 5. Hasi ya adapta, ya bodi na ya utepe lazima ziungane, la sivyo utepe utamwekamweka ovyo. Kwenye waya wa mawasiliano weka rezista ya takriban omu 300 hadi 500 karibu na pikseli ya kwanza, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye njia ya umeme. ESP32 inazungumza kwa volti 3.3 na utepe unasubiri 5. Waya ukiwa mfupi hupatana, ukiwa mrefu weka chipu ya kupandisha kama 74AHCT125. Ukisema nyekundu ikawaka kijani, hujaunguza kitu: badilisha mpangilio wa rangi kwenye programu uwe GRB.

Vifaa hivi huuzwa Kariakoo na, kwa walio Nairobi, maduka ya Luthuli Avenue na jirani zake. Maiki hizo huuzwa pini zikiwa hazijachomelewa, kwa hiyo risasi ya kulehemu na uvumilivu vinunuliwe hukohuko.

Gundi ya utepe inabanduka. Nifanyeje?

Gundi ile haipendi vumbi la rangi ya chokaa wala joto la pwani. Futa ukuta kwa kitambaa chenye spiriti, acha ukauke, bandika, kisha shikilia kwa vibano vya plastiki kila nusu mita. Afadhali zaidi, weka kwenye reli ya alumini, inayopoza taa pia. Usitumie misumari.

Uani na mvua?

Tafuta utepe ulioandikwa IP65 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji) au zaidi, uliofunikwa kwa silikoni. Kumbuka ukishaukata, pale ulipokata maji yanaingia. Ziba kwa kifuniko na silikoni. Adapta na viungo vya umeme wa ukutani vibaki ndani ya nyumba, chini ya paa au ndani ya boksi lisiloingia maji. Waya wa ekstensheni usilazwe kwenye majani yenye umande watu wakapita peku juu yake.

Video za sherehe zina mistari inayotembea. Simu mbovu?

Simu nzima. LED hupunguzwa mwanga kwa kuzimwa na kuwashwa haraka mno, jicho halioni ila kamera inaona. Ongeza mwanga wa utepe kuliko kuufifisha, au kama kamera ina mpangilio wa mkono, weka shata kwenye 1/50 na upandishe au kushusha kidogo mpaka mistari itulie. Wakati wa kukata keki, weka rangi moja iliyotulia. Mpiga picha atakushukuru, na picha za kwenye kundi la familia zitakuwa na nyuso.

Majirani wanalalamika kelele. Taa zinaweza kucheza muziki ukiwa chini?

Zinaweza, na hii ndiyo faida ya kontrola inayopokea muziki kwa waya. Gawa sauti kwenye tundu la hedifoni la simu kwa kiunganishi cha njia mbili, moja iende kwenye spika na moja kwenye kontrola, kisha punguza sauti kwenye spika yenyewe, si kwenye simu. Taa zinapata muziki wote, jirani anapata usingizi. Kama ni ya maiki, washa ule mpangilio wa kujirekebisha usikivu kama upo, na usogeze maiki karibu, ibaki sentimita chache tu kutoka kwenye spika.

Na uangalie taa zenyewe zinaelekea wapi. Par iliyoelekea ukuta wa jirani inamwingilia chumbani hata ikiwa kimya. Ishushe ipige chini, au ufunike upande ule kwa khanga ya zamani mbali na joto la taa.